Shule Iko Bondeni

Hakuna mtu kando ya Mto Tana, tangu Nanighi nilikozaliwa hadi Kipini mto unakoishia, anayeyajua maji kunishinda mimi. Nikitoka nje asubuhi nikavuta pumzi moja tu, nitakwambia mto unawaza nini. Ndiyo maana mafuriko ya mwaka juzi yalinikuta nimejinyoosha kitandani jua limeshapanda, tumbo limejaa uji, nakoroma. Godoro lilianza kuelea nami nikiwa juu yake, nikadhani naota nimeolewa tena. Nilipandishwa juu ya paa la duka la Dukicha na vijana wawili walionisukuma makalio, na kila wakisukuma wanasema, "Samahani, bibi." Nikawaambia wasukume tu, adabu tutairudia maji yakishuka.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Nimeitanguliza kwa sababu ni fupi.

Siku hiyo hiyo maji yalinichukulia mume wangu. Yule wa kwanza, babu yao, alikufa zamani kwa kikohozi, Mungu amrehemu, ingawa alikuwa na tabia zake. Huyu ninayemsema ni Tahir, mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Tuneya na mkewe Bahiya. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe, kwa utani, na Tahir utani huo aliushika kama kazi. Alikuwa gredi ya tatu, meno mawili ya mbele hana. Akipata peremende, huivunja kwa jiwe, ananipa nusu na kusema, "Matumizi ya nyumbani hayo." Nikimgombeza anatishia kunipa talaka.

Sasa nieleze habari ya mti, maana bila mti hutaelewa kwa nini watu wazima wenye macho walipeleka watoto wao shule asubuhi ile.

Sisi wakulima wa mtoni hatuyakimbii mafuriko. Mafuriko ni mgeni. Huja na tope lake, analilaza shambani, akiondoka tunapanda mpunga na mahindi juu ya tope hilo, na tunakula. Kumkimbia mgeni kabla hajaketi ni kukosa heshima. Lakini mgeni naye anapimwa. Kila nyumba ina mti wake uliochomekwa ukingoni, umekatwa alama mbili kwa panga. Maji yakigusa alama ya chini, tunashukuru. Yakikaribia ya juu, tunahamisha kuku, mbegu na watoto. Mama yangu alikuwa na mti, na mama yake pia. Asubuhi baada ya sala mtu hutoka, hutazama mti, hurudi kunywa chai.

Asubuhi ile miti yote ilikuwa mikavu. Mbingu nyeupe, hata wingu la kutilia shaka hakuna. Wazazi wote waliangalia, wakaridhika, watoto wakateremka shuleni.

Nasema wakateremka kwa sababu shule yetu iko bondeni, baina ya kijiji na lami iendayo Garsen. Ilijengwa pale wakati maji yalikuwa na adabu. Mpaka leo ninapoandika iko pale pale.

Maji yalikuja na jua. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wenzetu, huko juu milimani, mvua ambayo hata wao walisema hawajaiona, na mabwawa ya huko yakajaa, yakafurika. Nasi huku tulikuwa tumetoka kwenye kiangazi cha miaka, ardhi imekauka kama sakafu ya saruji, haiwezi tena kunywa. Mti wetu ulizoea mvua yetu. Ile ya wenzetu ulikuwa hauijui.

Wanaume waliingia na mitumbwi kuwatoa watoto madarasani. Walitoa wengi, Mungu awalipe. Mtumbwi wa mwisho uligonga kisiki kilichozama cha mathenge, ule mti wa miiba, ukabinuka. Watoto wakaokotwa mmoja mmoja. Bishara, binti wa Qabale, alivutwa kwa nywele na yuko hai. Tahir alikuwa amekaa karibu naye. Bishara anasema alimshika mkono, kisha akabaki ameshika maji.

Tulimtafuta. Wapiga mbizi walikuja wakaondoka. Mwanangu Tuneya aliufuata ukingo kwa miguu hadi Kipini, analala kwa watu, anauliza kila mvuvi, na aliporudi alikuwa amekonda mpaka mbwa wetu alimbwekea. Hakumpata. Viboko wako, mamba wako, bahari iko; sisi hatukuulizana ni nani kati yao. Sheikh akatusalishia sala ya maiti asiyekuwepo. Tukakaa matanga bila jeneza kutoka nyumbani, bila wanaume kurudi na udongo kwenye miguu. Mheshimiwa wetu wa wadi alituma msaidizi wake na unga na mafuta ya kupikia. Msaidizi akapiga picha ya unga.

Ijumaa wenzake wakiwa na mahali pa kuelekeza dua zao, Bahiya hana. Mwenye kaburi ana kitu. Anajua mtu wake amelala wapi, mvua ikinyesha anajua inamnyeshea wapi. Bahiya alikuwa akishuka mtoni, anasimama, anatazama juu, anatazama chini, hajui amsomee mwanawe akielekea wapi. Na tangu siku ile hali samaki. Nyumba nzima hatuli. Hakuna aliyepiga marufuku. Siku moja niliwapaka kambare chumvi, nikamwona anavyowatazama, nikawapeleka kwa jirani pamoja na sufuria.

Mimi nilijaribu kumchekesha. Ndiyo kazi yangu ninayoiweza. Nikamwambia, "Bahiya, mimi nimefiwa na waume wawili, na bado sura hii hapa inatafuta wa tatu." Alitabasamu kwa kunihurumia. Tabasamu la kuhurumiwa ni baya kuliko tusi.

Aliyemwinua ni Qabale, mama yake Bishara.

Qabale ni Mworma, mfugaji wa ukoo wa wafugaji. Kiangazi kilimmalizia ng'ombe mmoja baada ya mwingine hapo malishoni Minjila, akabaki na fimbo ya kuchungia. Watu wake na watu wangu wamewahi kukosana vibaya juu ya maji, na sitaki kuyafukua. Lakini watoto wao na wetu wanasoma darasa moja. Alikuja na chupa ya maziwa aliyoyanunua dukani, mwanamke wa Kiorma amenunua maziwa dukani! Akaiweka chini kwa aibu.

Nikamwambia, "Qabale, haya maziwa yametoka kwa ng'ombe gani? Ana mfuniko wa plastiki."

"Cheka tu, bibi," akasema. "Ng'ombe wangu sasa iko kwa chupa." Kisha akamgeukia Bahiya. "Dada, mimi jua imekula ng'ombe. Wewe maji imekula mtoto. Hiyo ni kitu moja. Mvua itarudi, na Bishara anasoma bado kule chini. Mimi nikilala naona ile mtumbwi. Twende tuseme."

"Tuseme kwa nani?" Bahiya akauliza.

"Kwa wenye kusema kwa serikali. Shule ipande juu karibu na lami. Na maji ikifunguliwa huko juu, redio itwambie mbele, si nyuma."

Bahiya akamimina yale maziwa, akanywa. Nilijua amekubali.

Hivyo ndivyo wazazi walivyoanza. Walikutana shuleni, akina mama na akina baba, wakulima na wafugaji, na tope la mafuriko bado liko ukutani juu ya ubao. Mimi si mzazi wa mtoto yeyote pale, nilienda kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye. Walilolitaka ni jambo moja tu. Kulikuwa na fungu la kaunti kwa ajili ya mambo ya tabianchi, na Mheshimiwa alitakiwa asimame katika bunge la kaunti kule Hola aseme: shule ile ihamishwe kabla ya mvua za masika.

Tulienda ofisini kwake Garsen. Yuko mkutanoni. Tukarudi. Yuko safarini. Tukarudi tena, tukaambiwa ametoka sasa hivi, na chai yake iko mezani inatoa mvuke. Jina lake silitaji. Mama yake ni shoga yangu na bado yuko hai, na ana haki ya kula wali wake kwa raha.

Ndipo tukasikia kuna kikao cha kukusanya maoni ya wananchi pale Garsen, na Mheshimiwa atakuwepo, kwa kuwa waandishi wa redio watakuwepo.

Ukumbi ulijaa. Watu walitoka Tarasaa, walitoka Minjila, wengine mbali zaidi. Sisi tulikaa benchi moja: Tuneya, Bahiya, mimi, Qabale, na wazazi wenzetu nyuma yetu. Kijana mmoja mwenye shati safi alituonyesha picha ukutani, akaeleza kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda vya nchi za mbali, na ndiyo maana kiangazi kimekuwa kirefu na mvua zimekuwa kali. Alieleza vizuri, sikumkosea adabu. Niliuliza tu.

"Mwanangu, moshi wangu wa kuni naukohoa mwenyewe. Huo wa wenzetu mbona tunaukohoa sisi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, kisha akaacha. "Hilo ndilo swali, bibi," akasema, akatazama karatasi zake. Nikampenda kwa kutokuwa na jibu.

Mheshimiwa akasimama. Amenenepa vizuri, mama yake lazima anafurahi. Alisema tutapanda miti. Alisema mahema yatanunuliwa mapema. Alisema sote tusimame pamoja. Tuneya akainua mkono.

Mwanangu si msemaji. Alisimama, kofia yake mkononi, akasema, "Mheshimiwa, sisi ni wazazi wa ile shule ya bondeni. Hatukuja kuomba mahema. Tunaomba uende Hola ukaseme shule ihamishwe juu, kabla ya masika. Hatutaki mengine."

"Ndugu yangu," Mheshimiwa akasema, "naelewa uchungu. Lakini mvua ni ya Mungu."

Qabale alisimama hata hakuinua mkono. "Mvua ya Mungu. Sawa. Na shule ya nani?"

Ukumbi ukavuma. Mtu wa Tarasaa akapiga kelele nyuma, "Jibu, Mheshimiwa! Swali fupi hilo!"

"Mama, tulia. Mipango ya serikali inakwenda hatua kwa hatua—"

"Maji haijui hatua," Qabale akasema. "Ilikuja mara moja."

Mheshimiwa akajifuta paji la uso. Tuneya alikuwa bado amesimama. "Hutuelewi kwa sababu hukuja," alisema, kwa upole, kama anamtafutia mwenzake udhuru. "Watu walikuwa juu ya mapaa, hukuja. Tulifiwa, hukuja. Ungekuja ungeona shule ilipo, usingetwambia hatua. Njoo uione tu. Njoo usimame pale."

Hapo waandishi wa redio wakasogeza vile vinasa sauti vyao. Niliona Mheshimiwa akiviona. Mimi mtu huyu nimemjua tangu alipokuwa akinyonya, na alipokuwa mdogo, kabla ya kudanganya, alikuwa akigusa sikio. Akagusa sikio.

"Nisikize, ndugu yangu," akasema, na sauti yake ikashuka, ikawa tamu. "Uchungu unasahaulisha. Mimi nilikuja. Sikuja na kamera, sikuja na ving'ora, kwa sababu msiba si siasa. Nilikuja kwenye maziko ya mtoto yule. Nilisimama katika safu. Nilimtupia udongo kwa mikono hii." Akaiinua mikono. "Akina mama hapa hawawezi kuniona, maana kwa desturi yetu akina mama hawaendi makaburini. Wanabaki nyumbani na kilio. Lakini mimi nilikuwepo. Kwa hiyo msiniambie sijui uchungu wenu."

Ukumbi ukapiga makofi. Waliopiga ni watu wa mbali, hawakujua. Sikuwalaumu. Maneno yalikuwa mazuri, hata mimi yangenichukua kama yangekuwa juu ya mtoto wa mtu mwingine. Kwenye benchi letu hakuna aliyepiga. Qabale alijishika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mwanangu Tuneya akaketi, kofia ikamwanguka. Mtu aliyetembea mpaka Kipini, na hakuweza kuinama kuiokota.

Nilitaka kusimama mimi. Nilikuwa na maneno tayari, makali, na moja lilimhusu mama yake. Bahiya akaniwekea mkono juu ya goti.

"Mama, niachie," akasema.

Akasimama. Tangu msiba Bahiya hakuwa amesema mbele za watu. Hata shuleni alikuwa akikaa nyuma na kusikiliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi ukumbi unyamaze ili imfikie Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, shikamoo."

Ni wa umri mmoja. Akamwamkia hivyo hivyo.

"Marahaba, dada."

"Mimi ndiye mamake huyo mtoto."

"Pole sana, dada yangu. Pole sana. Mungu akupe subira."

"Amina. Ahsante kwa kuja kumzika. Kwa kuwa sisi akina mama hatwendi makaburini, nilitaka kukuuliza. Hakuna aliyenieleza. Mlimlaza sehemu gani?"

Niliona wazazi nyuma yetu wakiangalia chini, mmoja mmoja, kama watoto darasani mwenzao akiulizwa swali. Mheshimiwa hakuona. Aliona mama mwenye huzuni anayezungumza naye vizuri, na vinasa sauti vikisikiliza, akapata nguvu.

"Pale makaburini kwenu, dada. Ukiingia tu langoni, upande wa kulia."

Makaburi yetu hayana lango. Yana mathenge na mbuzi.

"Upande wa kulia," Bahiya akarudia polepole, kama mtu anayeelekezwa njia na hataki kupotea. "Na alikuwa… sanda ilimtosha? Alikuwa ameanza kurefuka."

"Ilimtosha, dada. Kila kitu kilifanywa kwa heshima. Nilimwona alivyolazwa, ameelekezwa kibla, ametulia. Moyo wako utulie."

Feni ya ukumbi ilikuwa ikizunguka na kulia kama inahitaji mafuta. Msaidizi wake, yule wa picha ya unga, alikuwa ameanza kumvuta shati kwa nyuma. Mheshimiwa akausukuma mkono wa msaidizi kama anayefukuza nzi.

Nitasema kweli, kwa dakika ile nilitamani iwe kweli. Nilitamani mtoto yule mnene wa shoga yangu awe hadanganyi, awe amemwona mume wangu mahali fulani amelala, sanda imemtosha. Nadhani Bahiya pia alitamani.

Akaokota kofia ya Tuneya, akaikung'uta vumbi, akamwekea mumewe magotini. Kisha akajifunga leso yake upya kiunoni, akaikaza, kama mwanamke anayeanza safari.

"Mheshimiwa," akasema, "mume wangu amemtafuta mpaka Kipini. Wapiga mbizi wamemtafuta. Mtoni bado namtafuta mimi, kila Ijumaa. Mwanangu hajaonekana mpaka leo. Tulimsalia hayupo."

Mheshimiwa alikuwa bado ameinua mkono mmoja, wa ile ya udongo. Hakuushusha.

"Kumbe wewe umemwona," Bahiya akasema. "Basi twende unionyeshe. Gari lako si liko nje?"